Jimu ya vyuma vya zege Nkuhungu, inayojaa saa nne asubuhi

Naanza na bei ili wenye haraka muondoke mapema. Kuingia siku moja ni jero, mwezi mzima buku kumi, na kama huna hata hiyo jero kuna utaratibu wa kufagia na kumwagia maji vumbi litulie, nitaueleza huko mbele. Jimu ipo Nkuhungu, Dodoma, ukitoka kwenye lami unaingia njia ya vumbi, unapita mashine ya kusaga, unapita mama wa vitumbua, halafu unaona ukuta wa tofali ambao haujapigwa plasta, ndio hapo. Bango hamna na jina la mwenyewe siandiki maana kaniomba nisifanye hivyo, anasema watu wakizidi zege halitatosha. Singeli utaisikia kabla hujaona geti, na geti lenyewe ni bati.

Vifaa sasa. Vyuma sio vyuma, ni zege lililomwagwa kwenye ndoo za rangi na makopo ya maziwa, katikati likapitishwa bomba. Kilo zimeandikwa kwa chokaa na kwakweli sio za kuziamini, ile ya 20 ya kushoto nina uhakika imeizidi 20 ya kulia, ukibeba bila kujua bega moja linakwenda Singida lingine linabaki Nkuhungu. Kuna benchi mbili za mbao, moja nzima moja inayumba, kuna tairi la tipa la kupindua, kamba, bomba la kuning'inia limefungwa kati ya miarobaini miwili, na kioo kimoja kirefu kilichopasuka katikati ambacho vijana wanakigombania kupiga picha. Mashine ya kukimbilia hamna, anayetaka kukimbia anatoka getini anakimbia mpaka barabara kubwa anarudi, mwezi wa saba asubuhi na ule upepo wetu unarudi umejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Kama nia yako ni kiyoyozi na maji ya bure sitakudanganya, zipo jimu za hivyo mjini, lipia uende. Hii naiandikia riviu ndefu kwa sababu nyingine kabisa, ni ile saa inayojaa. Jimu nyingine nilizowahi kupita zinajaa alfajiri kabla watu hawajaenda kazini na jioni wakishatoka, ndio kawaida. Hii inajaa saa nne asubuhi. Jumanne. Saa nne kamili hupati benchi, na sio mabaunsa, ni madogo wa miaka 23, 24, 26, mmoja kasoma ualimu wa fizikia, mmoja mambo ya kompyuta, mmoja mipango miji, wawili afya, mmoja sheria na hatuachi kumtania mheshimiwa wakili shika ndoo. Ukiwapanga mstari pale kwenye mwarobaini una halmashauri kamili, unakosa mkurugenzi tu.

Mtaani wanaitwa kula kulala. Ukimaliza chuo ukarudi nyumbani mwezi wa kwanza wewe ni msomi wetu, ukifika mwaka unaitwa jina lako, ukipitiliza hapo mdogo wako wa form two ndio anakutuma dukani. Na Dodoma tuna kundi la pili ambalo mikoa mingine hawanalo kwa wingi hivi, waliokuja kwa usaili wakagandia hapa. Toka Serikali ihamie na usaili wa utumishi kufanyikia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mara kwa mara, mtu anatoka Kigoma anafikia geto la mshikaji, anapiga mchujo, anasubiri PDF ya majina, anaisoma kuanzia juu mpaka chini halafu kutokea chini kwenda juu kama jina litakuwa limejificha, halimo, na nauli ya kurudi imeshaliwa na ugali. Anabaki. Analala mpaka saa tano, anakula mara moja, anashinda na simu. Huyo ndio mteja hasa wa jimu hii hata kama mwenyewe hajijui.

Mimi nina kibanda cha miamala hapo jirani, wananiita Dada Wakala, na chuo nilisoma sosholojia kwahiyo mnivumilie kidogo. Kuna kijiji cha Austria kinaitwa Marienthal, karibu na Vienna, kiwanda chao cha nguo kilifungwa kuanzia 1929 karibu kijiji chote kikabaki bila kazi. Watafiti wakaenda kuishi nao, mmoja wao dada anaitwa Marie Jahoda, kitabu kikatoka 1933. Sasa wewe ungesema watu wenye muda wote ule si watasoma sana, maktaba ipo na ada ya kuazima ilishafutwa, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanaume wengi wakaacha kutembea na saa. Watafiti wakakaa dirishani wakapima mwendo wa watu barabarani, wanaume wakaonekana wanatembea taratibu kuliko wanawake na wanasimama simama njiani, haraka ya nini na hakuna anakochelewa. Wanawake walikuwa bado mbio mbio maana kiwanda kinaweza kufungwa ila jiko halifungwi.

Jahoda baadae akaja kusema mshahara ndio kinachoonekana lakini kazi inakupa na vitu vingine ambavyo huvioni mpaka vikiondoka, inakupangia siku, inakukutanisha na watu ambao sio ndugu zako, inakufanya uhitajike kwenye jambo la wengi, inakupa cha kujibu ukiulizwa wewe ni nani, na inakutoa kitandani utake usitake. Nilipokuwa naisoma kwa ajili ya mtihani niliona ni maneno ya wazungu tu. Siku nimekaa kwenye ndoo ya zege namuangalia kocha na lile daftari lake ndio nikaielewa.

Daftari ndio kifaa bora kuliko vyote pale ndani. Ni kaunta buku imechakaa, kila anayeingia kocha anaandika jina na saa. Ukisema utakuja saa nne basi ni saa nne, ukija na robo unapiga pushapu za faini mbele ya wote huku wanakuhesabia kwa sauti, na mpiga singeli anazima muziki ili ijulikane. Usipotokea siku kadhaa bila taarifa anatuma mtu geto kwako. Sio meseji, mtu. Mgongeaji anasimama mlangoni anasema kocha kasema umwambie kama unaumwa au umekufa. Hiyo huduma hata jimu za laki kwa mwezi hazina, kule ukipotea wanafurahi umeshalipa na hutumii mashine. Na aliyefulia kabisa anapewa zamu ya kufagia, kumwagia maji na kupanga ndoo kabla ya saa nne, jina lake linaandikwa kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari chini ya neno WAFANYAKAZI kwa herufi kubwa, na nimemsikia dogo mmoja akiongea na mama yake kwenye simu, eti mama nipo kazini nitakupigia. Hakuna aliyecheka.

Sasa mtu ataniuliza afya inaingiaje hapa, kijana wa miaka 24 ana presha gani, si atapata kazi atasahau. Hilo la atasahau ndio lenye shida. Uswidi kwenye mji wa Luleå, huko kaskazini kwenye baridi, mwaka 1981 walichukua wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wa shule ya lazima, watoto 1,083 wa miaka kama 16, wakawa wanarudi kuwauliza hali zao kila baada ya miaka kadhaa mpaka 2007 wakiwa watu wazima wa miaka 42, 43. Utafiti aliyeuanzisha ni Anne Hammarström. Waliokaa muda mrefu bila kazi pale mwanzoni, yani kwenye umri wa 18 mpaka 21, walipofika miaka 30 walikuwa wanavuta sigara zaidi na wana dalili za wasiwasi na sonona zaidi, na zile dalili za akili zilionekana bado zipo hata walipofika arobaini na kitu. Na sio kwamba walikuwa wagonjwa toka utotoni, maana hali zao za miaka 16 zilishaandikwa kabla zikaondolewa kwenye hesabu. Cha kushangaza zaidi, waliokosa kazi kwa mara ya kwanza wakiwa wakubwa, hawakubaki na alama ya muda mrefu namna ile. Kuumia waliumia ila wakapona.

Kwanini mwanzo uume hivyo, mimi nina maelezo yangu. Mtu wa miaka 40 akipoteza kazi bado ni fundi Juma au mwalimu fulani, jina la kazi linabaki hata kazi ikiondoka. Wa miaka 22 hana hilo jina, akiulizwa unafanya nini anasema nimemaliza chuo, na hilo jibu lina muda wake, likikaa sana linachacha. Halafu umri ule ndio unajipangia utu uzima, utalala saa ngapi, utakula nini, stresi ikija utaikimbilia wapi, na ukijipangia hayo ukiwa huna pa kwenda asubuhi unakuja kuyabeba mpaka kwenye kazi ukishaipata.

Kuna wanaosema wanaokosa kazi ni wavivu na mvivu hata afya yake ataiharibu tu mwenyewe, mzee mmoja mteja wangu wa miamala anasema hivyo kila akija kutoa pensheni, namheshimu, shikamoo mzee, ila hapana. Marekani walilipima hilo kwa njia ambayo mvivu na mchapakazi wanakuwa sawa. Hawakuangalia nani kakosa kazi, waliangalia mwaka ambao mtu ameingia kwenye soko la ajira, maana mwaka wa kumaliza shule hauchagui wewe, ulichaguliwa na baba na mama. Watafiti Hannes Schwandt na Till von Wachter waliwafuata walioingia kwenye soko kipindi cha mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakuta kuanzia wakikaribia miaka 40 wanakufa zaidi kuliko wale wa miaka mizuri, vifo vya moyo, ini, saratani ya mapafu na madawa ya kulevya. Na kwenye ndoa wakawa wanaachana zaidi. Miaka ishirini baadae hiyo jamani, watu walishapata kazi zamani.

Sigara, ini, moyo, ukiyaangalia hayo magonjwa yote yanaanzia kijiweni. Na hapa ndio naanza kuisema vibaya jimu.

Mazoezi yakiisha saa sita hivi, vijana hawaendi nyumbani. Wanahamia kibanda cha pembeni, na mwenye kibanda amejipanga, enaji baridi, sigara moja moja, na mezani karatasi za mechi. Mikeka. Yani mtu ametoka kupindua tairi la tipa, jasho halijakauka, anachoma sigara ya kwanza huku anajadili timu ya Ureno ambayo hajawahi kuiona ikicheza. Jero ya jimu anakosa, ya mkeka anayo. Nilimuuliza kocha kwanini asiongee na mwenye kibanda, akanijibu Dada Wakala yule ndio ananipa umeme wa spika. Haya. Mimi nimekata nyota hapo na sirudishi, kwa sababu hilo benchi la kibandani ndio linapokea yale masaa ambayo jimu haiwezi kuyajaza, kuanzia saa sita mpaka giza, na masaa hayo ni mengi kuliko ya zege. Jioni ikiingia wapo wanaohamia kwenye pombe kali, ile ya viroba ilipigwa marufuku 2017 lakini chupa ndogo zipo, bei yake sio mbali na ya viroba.

Jumamosi ina kitu kizuri. Mmoja wa wale wawili wa afya ana diploma ya utabibu, anasubiri ajira, anakuja na kipimo cha presha cha mkononi anapima watu kwenye kigoda chini ya mwarobaini, bure, ukitaka kumpa kitu unampa. Anakukalisha kwanza utulie, haruhusu upimwe ukitoka kubeba, anasema namba itakudanganya. Nilikaa nao nikaona vijana wawili wakitoka na namba juu ya 140 kwa 90, hajawatisha, kawaambia mje tupime tena Jumamosi ijayo na nyingine, na mmoja akaambiwa kabisa nenda hospitali. Jibu la yule kijana ndio riviu nzima ya nchi: naenda na bima gani.

Maana angalia. Ukiwa chuo una kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi, tulikuwa tunalipa 50,400 kwa mwaka inakatwa humo humo kwenye malipo ya chuo hata huijui thamani yake, unaumwa jino unaenda, unaumwa tumbo unaenda. Siku unavaa joho kadi ndio inaanza kuaga. Kwenye kadi ya mzee nako umeshakuwa mkubwa. Ile CHF iliyoboreshwa tuliyoizoea, mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa inakusaidia kama kaya inakuhesabu, na kuna nyumba ambazo nafasi ya sita alishapewa mtoto wa shangazi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni hapa hapa Dodoma 2023, sawa, ila kijana asiye na kipato anayelala geto la mshikaji ni kaya ya nani? Kwahiyo kati ya kuvaa joho na barua ya ajira kuna kipindi ambacho mtu haumwi, sio kwamba haumwi kweli, ila hana pa kuumwia. Presha haipimwi, jino linang'olewa badala ya kuzibwa, na usingizi ukipotea unaambiwa acha mawazo.

Acha mawazo. Nisemee na hili maana tupo Dodoma na hapa kuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Watu wa mikoa mingine hamjui tunavyokua na hilo jina, toka mtoto ukifanya kituko unaambiwa watakupeleka Mirembe, kwahiyo kijana akianza kukosa usingizi, hataki kuonana na watu, anakaa ndani mapazia yamefungwa, hata nyumbani wakiona hawasemi maana kusema ni kumpeleka kule, na majirani watajua. Wakati ni hospitali kama nyingine, mtu anaenda asubuhi anaongea na daktari anarudi kula mchana kwao. Pale jimu kuna kijana mmoja, simtaji hata kozi aliyosoma, alipotea, kocha akatuma mtu kama kawaida yake, aliyetumwa akarudi akasema jamaa hafungui. Kocha akaenda mwenyewe. Sijui waliongea nini ila walikuja wote wawili, jamaa hakubeba kitu, alikaa kwenye ile benchi inayoyumba akawa anahesabia wenzake. Baadae nikasikia anahudhuria hospitali na kocha ndio anamsindikiza. Kwa jero! Hapo nilirudisha nyota moja kati ya zile nilizokata, sio ile ya kibanda, nyingine.

Kwa upande wa wanawake. Muda wetu ni saa tisa mpaka saa kumi na moja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanaume hawaingii isipokuwa kocha, na mkewe anakuwepo. Tupo wachache. Na sio kwamba wasichana wa Nkuhungu wote wana ajira, ni kwamba dada aliyemaliza chuo akarudi nyumbani kazi anayo toka siku aliyoshusha begi, maji, watoto wa kaka, kumuuguza bibi, genge la mama, hakuna anayemwita kula kulala maana kulala kwenyewe hakupo. Kuna mtafiti wa Marekani, Johanna Catherine Maclean, aliwaangalia watu wakiwa na miaka 40 akakuta wanaume waliomaliza shule kipindi cha ajira mbaya afya zao ni mbovu kuliko wenzao, ila wanawake wa kipindi hicho hicho walikuwa na dalili za sonona kidogo kuliko wenzao. Ukikumbuka na wale wamama wa Marienthal wanaotembea haraka utasema basi kazi za ndani ni dawa. Mimi sikubaliani, dada zangu pale wanachoka, na uchovu usiolipwa haujawahi kuwa afya. Nachokubali ni kwamba wanahitajika, wakikosekana nyumba inakwama, na huyo kaka mtu anayeshinda na simu akikosekana chai inaongezeka tu kwenye birika. Ukitaka kumsaidia mpe jukumu ambalo asipolifanya itaonekana. Kocha kalijua hilo bila kusoma sosholojia, ndio maana wanafagia kwa zamu.

Kuna jamaa aliniuliza kwahiyo kusoma hakuna maana? Ipo. Mtafiti David Cutler na wenzake waliangalia nchi nyingi za Ulaya wakakuta waliomaliza masomo kipindi cha ukosefu wa ajira huko mbele wanakuwa na kipato kidogo, wanene zaidi, wanavuta na kunywa zaidi, lakini waliosoma zaidi makali yanawapungukia. Hata pale jimu naona, wenye vyeti ndio wanaomuelewa haraka tabibu wa Jumamosi, ndio wanaoandika barua ya kikundi. Maana wameandika, kikundi chao kinafuatilia ule mkopo wa vijana, ile asilimia 4 ya vijana kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanataka kununua mashine ya kutengenezea bloku kwa sababu wanasema zege tushalizoea. Mawazo mazuri, nawaombea, na nimewaambia wasiweke jina la jimu iwe kiwanda kabisa.

Ila nisiipambe kupita kiasi. Ajira haipatikani kwenye daftari la kocha. Buku kumi inakununulia masaa mawili yenye mpangilio, watu wa kukuuliza uko wapi, na mwili ambao ukiitwa kwenye usaili unapanda ngazi za UDOM bila kuhema. Haikununulii chakula, na hili kocha alitakiwa aliseme wazi, kuna madogo wanabeba zege na chai kavu tumboni. Mmoja alidondoka. Toka hapo mama wa vitumbua anakopesha vitumbua viwili kwa kila aliye kwenye daftari, analipwa mwisho wa mwezi au halipwi, yeye ndio anajua. Na usinunue ile jezi yao ya 15,000, imeandikwa mgongoni maneno ya Kiingereza yenye makosa na inachuja ukifua mara moja.

Upande wa usalama, mwambie kocha akuonyeshe namna ya kunyanyua kwanza, usimfuate mheshimiwa wakili, yule anainua kwa mgongo na siku moja atajishtaki. Choo ni cha shimo, kisafi kwa kweli, ila mlango unafungwa kwa waya. Maji ya kunywa beba yako. Pikipiki paki ndani, nje jua litakuunguzia siti.

Ukiwa na kazi njoo jioni, saa kumi na mbili patakuwa kweupe na benchi zote mbili ni zako. Ukiwa huna, njoo saa nne na useme kabisa mlangoni kwamba huna, jero utaidaiwa baadae, ndivyo kocha alivyoniambia niandike. Jumapili wanafungua saa nane baada ya watu kutoka kanisani. Taulo njoo nalo, la kuazima lipo moja na mimi siligusi.